Kadi Mbili Sandukuni

Buguruni, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Shikamoo Mama mdogo,

Kaa kwanza ndiyo usome. Nakujua, hapo umesimama mlangoni na kuku wanakuzunguka miguuni. Sisi huku wazima. Baba Zamzam anakusalimu sana, bado anauza viatu vya mitumba pale Mchikichini, na sasa amepata meza ya upande wa kivulini, basi kila mgeni anayeingia humu ndani lazima asimuliwe habari za hiyo meza. Zamzam ana miaka miwili na nusu. Anahesabu mpaka sita halafu anaruka kumi, ukimrekebisha anakwambia amechoka. Chumba ni kilekile, na mafundi gereji wa jirani ni walewale. Zamzam hasinzii mchana mpaka asikie mtu anagonga bati.

Nimeandika kwa sababu simu yako ukipigiwa wanasikiliza majirani wote. Tena kuna kitu nataka unitumie, kwa hiyo bahasha nimempa Kasmir wa Kariakoo, yule anayeleta sufuria na vitenge kwenye gulio lenu.

Chuo kinaenda vizuri, Mama mdogo. Mimi niliyerudia mtihani wa kidato cha nne huku nanyonyesha, sasa nakaa mbele na nanyoosha mkono. Julai tunaenda mazoezi ya kufundisha, wiki nane ndani ya darasa la kweli. Nimepangiwa shule moja ya awali kule Upanga, ina madirisha ya bluu. Nimeshaenda kuitazama kwa nje mara mbili, mlinzi ameanza kunisalimia.

Ila kuna sharti. Hakuna mwanachuo kukanyaga darasa la awali bila uthibitisho wa chanjo tatu: pepopunda, homa ya ini na surua. Madam Angelina, anayesimamia mazoezi, anasema mwaka juzi mwanachuo mmoja aliipeleka surua darasani, watoto tisa wakaumwa. Mwisho wa kuleta uthibitisho ni tarehe 30 Mei. Asiye nao anabaki mpaka mwaka kesho, na mwaka kesho mimi sijui kama nitakuwa na mikono ya kutosha.

Pepopunda ninayo tangu nilipombeba Zamzam. Homa ya ini nimeshachomwa mbili. Ya surua nilienda zahanati, nesi akaniuliza maswali mawili matatu, akasema kwangu haifai kwa sasa, nitafute kadi ya kliniki ya utotoni. Basi, ndiyo hivyo.

Nakumbuka kwenye sanduku lako la bati, chini ya kanga za marehemu mama, kulikuwa na kadi. Nitumie ya kwangu. Wamesema jina lifanane na la kwenye vyeti. Na kama Kasmir ana nafasi kwenye mzigo, nitumie na ukwaju, ule wa kwetu mweusi.

Mwanao,
Husna


Namichenje, Ruangwa
2 Machi 2025

Mwanangu Husna, marahaba.

Nimekaa, kama ulivyoniamuru. Ualimu bado, amri umeshaanza.

Huku tupo. Mvua zimekuja kwa fujo, mahindi yamenifika kifuani, na nguruwe pori wameshapeana taarifa. Paa la jikoni limevuja upande wa mafiga, nimehamisha mafiga, paa nimeliacha. Yule mbuzi uliyemwita Bosi amezaa mapacha, kumbe alikuwa Bosi jike. Leo tumeanza mfungo. Mwambie Abdulmalik nimefurahi kwa ajili ya meza yake, sasa apate na ya kulia chakula.

Kadi ni hiyo humo ndani. Ina jina lako, Husna, kama walivyotaka. Yaliyomo aliandika nesi wa wakati ule, mimi zaidi ya hapo sikumbuki. Ukishaonyesha irudishe. Usiikunje, na mtoto asiishike.

Ukwaju nimekufungia. Ila niambie, Kariakoo nzima imekosa ukwaju? Sijauliza kitu kingine. Nimeuliza habari ya ukwaju.

Mama yako mdogo,
Somoe


Buguruni
23 Machi 2025

Shikamoo Mama mdogo, na swaumu iwe nyepesi.

Ukwaju umefika, kadi imefika. Zamzam anamsalimu Bosi na mapacha. Amekataa kuamini kwamba mbuzi anaweza kuwa mama, anasema mama ni watu. Baba yake amepata viatu vya ngozi vya mtoto, vizuri hivyo, amevificha vya sikukuu, na mimi nimeviona, naye anajua nimeviona, tunanyamaziana.

Sasa hii kadi. Nimeipeleka kwa Madam Angelina. Yeye ni mtu wa Bukoba, anasoma karatasi kama anachambua mchele. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akasema mbele ya darasa, "Husna, cheti chako kinasema umezaliwa tarehe 19 Januari. Kadi inasema tarehe 3 Februari. Huko kwenu mnazaliwa mara ngapi?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Halafu akaweka kidole kwenye kiboksi cha surua. Mama mdogo, kiko wazi. Chanjo nyingine zote zina tarehe na mhuri, hiyo peke yake haina kitu. "Kwa karatasi hii wewe hukuchanjwa," akasema, na hapo hakucheka tena.

Lucky, ninayekaa naye dawati moja, kaninong'oneza kwamba Kariakoo, nyuma ya maduka ya mabegi, kuna mtu ana mihuri ya kila hospitali. Nyumbani nako Baba Zamzam akaitazama kadi, akasema, "Si alama moja tu, Mama Zamzam? Kalamu ya bluu ninayo." Nikamwambia siwezi kwenda kukaa na watoto wa watu nikiwa na alama ya uongo mfukoni. Akasema, "Sawa mwalimu, nilikuwa naijaribu kalamu."

Lakini nimekaa nayo hii kadi peke yangu, nimeiangalia vizuri. Mstari wa uzito unapanda mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane, mtoto mnene mzuri, halafu hakuna nukta tena. Nikasema labda ulichoka kunipeleka. Halafu nikawaza jambo jingine. Mimi kabla ya unyago nilikuwa Sitara. Kila msichana wa kwetu akitoka ndani hutoka na jina jipya, na mimi hili la Husna nililipata nikiwa na miaka kumi na moja. Sasa kadi ya mtoto wa miezi minane imelijuaje jina nililopewa miaka kumi mbele?

Kama kuna ya Sitara, nitumie hiyo. Na hii uniambie ni ya nani.

Kuhusu ukwaju, wa Kariakoo una mchanga.

Mwanao,
Husna


Buguruni
27 Aprili 2025

Shikamoo Mama mdogo,

Sikukuu tulikula pilau, viatu vya Zamzam vilimtosha, akalala navyo mchana kutwa kitandani. Baba yake mzima.

Kasmir amerudi mikono mitupu. Anasema ulimpa ugali na kisamvu, ukamuuliza habari za mama yake, za mke wake, za shemeji yake aliyevunjika mguu, na alipouliza bahasha ukamwambia kalamu imekauka. Zimebaki wiki tano, Mama mdogo. Wenzangu karibu wote wameshapokelewa.

Nimefikiri sana, nikaona labda umenyamaza kwa kuwa na mimi nimenyamaza. Basi nianze mimi.

Nesi hakunichoma sindano ya surua kwa sababu nina mimba. Mjamzito hachomwi ile, wanasubiri ajifungue. Sikukwambia kwa kuwa siku naanza chuo ulinishika bega ukasema, soma kwanza, wa pili hana haraka. Huyu amekuwa na haraka. Mfungo nilifunga siku nne tu, zilizobaki nitalipa. Nitajifungua mwanzoni mwa Oktoba, mazoezi yanaisha mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo nitasimama darasani na tumbo langu na nitamaliza. Lakini lazima iwe mwaka huu. Mwaka kesho nitakuwa na mmoja mgongoni na mmoja mkononi, na nikirudi nyuma sasa najua sitasogea tena.

Naamini nitaenda Upanga. Sijui nitaendaje, ila naamini. Hicho kilichopo sandukuni niambie tu. Umenilea mwenyewe, unajua mimi si wa kuvunjika.

Mwanao,
Husna


Namichenje
11 Mei 2025

Mwanangu,

Mimba niliijua tangu ukwaju. Niliona nikungoje. Huyo wa Oktoba simkasirikii, anakaribishwa. Acha kubeba ndoo, abebe Abdulmalik, meza ya kivulini imempumzisha vya kutosha.

Mvua zimekatika. Bosi mzima. Nguruwe wamekula upande wa bondeni, upande wa juu nimevuna. Najua unaona ninavyozunguka. Kalamu haikukauka.

Mama yako alifariki siku ya nne baada ya kukuzaa. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mimi wakati huo nilikuwa mjamzito wa mwezi wa mwisho, na tarehe 3 Februari nikajifungua mtoto wa kike. Nikamwita Husna. Mlinyonya kwangu wote wawili, wewe ziwa la kulia, yeye la kushoto, na mkibadilishwa mnagoma. Watu walidhani ni mapacha.

Kliniki ilikuwa ya mkoba, manesi walikuja mara moja kwa mwezi kijiji cha ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili. Nilikuwa nabeba mmoja, na wifi yangu anabeba wa pili. Novemba, siku ya sindano ya surua, wifi alikuwa msibani. Husna aliamka ana joto kidogo. Nikasema nimbebe Sitara kwanza, huyu hana mama, watu wasije wakasema namchagua wa kwangu. Husna nitampeleka mwezi ujao. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, namfunika.

Desemba mto ulijaa, manesi hawakuvuka. Januari surua ikaingia kijijini. Ilimchukua Husna kwa siku sita. Mlikuwa mnalala mkeka mmoja, na wewe hukupata hata kikohozi.

Ulipotoka unyagoni, somo wako, yule aliyekufunda, aliniuliza, huyu sasa aitwe nani? Nilikuwa na jina moja tu mdomoni. Sikumwambia mtu lilikuwa la nani, na wakubwa waliojua walininyamazia. Nilitaka liitwe tena ndani ya nyumba yangu, na mtu aitike. Ulikuwa unaitika vizuri sana.

Chuo kilipotaka jina lifanane, nilikutumia yenye jina. Nikajiambia watasoma jina tu. Nikajiambia nimesahau kwamba kile kiboksi kiko wazi. Miaka ishirini na mbili, mwanangu, sikusahau hata siku moja.

Kadi yako ni hii, ya Sitara. Angalia surua, tarehe 14 Novemba 2002, na mhuri upo. Na barua hii nyingine ni ya mtendaji wa kijiji. Alinitaka nieleze mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, na barazani kulikuwa na watu wanasubiri shida zao. Nikaeleza kwa sauti. Mzee mmoja alinyanyuka akanipisha benchi, basi. Barua inasema Sitara Mrisho na Husna Mrisho ni mtu mmoja, alibadilishwa jina unyagoni kwa mila ya kwetu.

Ile kadi nyingine usiandike kitu. Nirudishie ilivyo.

Somoe


Buguruni
12 Julai 2025

Shikamoo Mama mdogo,

Natumaini umekaa. Sisi wazima, na huyu wa ndani anapiga mateke kila nikila. Zamzam amefika nane, saba bado haimpendi.

Barua yako niliisomea jikoni, wali ukaungua. Baba Zamzam alirudi akakuta moshi, akaniona nilivyo, akasonga ugali mwenyewe bila kuuliza. Nilimwambia siku ya pili yake. Akaenda kwenye begi lake la viatu, akaitoa ile kalamu ya bluu, akaitupa nje kwenye taka. Nikamwambia kalamu haina kosa. Akasema, "Najua. Lakini nilitaka kuandika juu ya mtoto wa watu."

Sikuijaza, Mama mdogo. Kila nikikumbuka kwamba sikuijaza nashukuru.

Kwa Madam Angelina nilipeleka kadi ya Sitara na barua ya mtendaji. Barua yako sikumwonyesha, hiyo ni yangu. Alisoma mara mbili, akanituma mahakamani nikaape kwamba majina yote mawili ni yangu. Nikaenda, nikangoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwenye benchi la mbao na kitumbo changu, karani akaniuliza, "Unaapa kwamba wewe ndiye Sitara na ndiye Husna?" Nikasema naapa. Tarehe 28 Mei, siku mbili kabla ya mwisho, nikarudi chuoni na karatasi zote. Madam akaandika kwenye daftari lake, akanitazama tumboni, akasema, "Umezaliwa mara mbili lakini umechanjwa mara moja. Inatosha." Halafu akasema nikichoka darasani nikae, kiti si dhambi.

Lucky yeye alichanjwa kihalali mwishowe. Alikuwa anaogopa sindano tu, ndiyo maana ya maneno yote yale ya mihuri.

Sasa nikupe habari yenyewe. Tarehe 7 niliingia Upanga. Watoto wapo thelathini na mmoja, wa Kihindi, wa Kichaga, wa Kimakonde, mmoja hana meno ya mbele na anaongea kuliko wote. Mwalimu wao akanitambulisha. Wakasimama, viti vikalia, wakasema wote kwa pamoja kama wanaimba, "Shikamoo mwalimu Husna." Mimi nikabaki kimya. Walinisubiri. Yule asiye na meno akawaambia wenzake, "Hajasikia, tuseme tena." Wakasema tena, kwa nguvu zaidi. Ndiyo nikaitika.

Na si siku hiyo tu, ni kila asubuhi. Thelathini na mmoja, wanaliita jina lake mpaka linafika kwa mlinzi getini. Nilitaka ujue hilo.

Kadi ya dada yangu sijampa Kasmir. Ipo ndani ya bahasha mpya, juu ya kabati, haijakunjwa na mtoto hajaishika. Naomba uje uichukue mwenyewe.

Mwanao,
Husna


Namichenje
27 Julai 2025

Mwanangu Husna, marahaba.

Huku ufuta umeshauzwa, na paa la jikoni limezibwa, nimeona aibu kuondoka likiwa vile. Bosi namwachia wifi yangu. Ameniuliza naenda Dar kufanya nini, nikamwambia. Akasema siku ile ya msibani na yeye hajawahi kuisahau. Tumekaa miaka yote hii jirani, ukuta kwa ukuta, kila mtu na la kwake.

Kasmir ameniwekea nafasi Jumamosi ya tarehe 16 Agosti. Abdulmalik anipokee, na asianze na habari ya meza, nitaiona mwenyewe.

Jumatatu asubuhi unipeleke Upanga. Ndani sitaingia. Hao watu wana masharti, na mimi sina kadi ya chanjo hata moja. Nitakaa nje kwenye dirisha la bluu, mwambie mlinzi ni mama yako. Watoto usiwaambie kitu. Waache wasimame wakusalimie kama siku zote.

Wewe itika kwa sauti, mwanangu. Nataka kusikia anaitika.

Somoe